Mashine Iliyosubiri Mgeni Rasmi

Mimi sare sivai tena. Iwe harusi, iwe maulidi, iwe kumuaga jirani anayehamia Dar, nipeni kazi yoyote. Nitasonga ugali, nitasugua masufuria mpaka mgongo unikatike, ila hicho kitenge cha kufanana msinihesabu. Wapo wanaosema nina kiburi, wapo wanaosema nina roho mbaya. Waseme. Mimi najua nilichokiona.

Hospitali yetu ni ndogo, iko ukipanda kidogo tu kutoka mwaloni, boti za dagaa zinakotia nanga, upande wa Ujiji. Ina wodi ya wazazi, ina manesi wanaojituma, na kwa muda mrefu haikuwa na mashine ya oksijeni. Mtoto akizaliwa hapumui vizuri, nesi alisimama naye akimbonyezea mfuko wa hewa kwa mkono, huku ndugu wanahangaika kutafuta gari la kumkimbiza hospitali kubwa mjini. Wengine walifika. Wengine hawakufika, tukawazika kimyakimya, maana mtoto mchanga hata msiba wake ni mdogo, watu wanakaa asubuhi na mchana wameshatawanyika.

Hilo ndilo lililotufanya wanawake wa mtaa tuunde kikundi. Tulikuwa wa msikitini na wa kanisani, wake wa wavuvi, wauza mawese, mwalimu mstaafu. Mwenyekiti wetu alikuwa mama mmoja wa Katubuka, mfanyabiashara wa nafaka, mwanamke mwenye sauti na mwenye huruma pia, simnyimi haki yake. Hakuna aliyelipwa hata nauli. Siku za giza, dagaa wakitoka kwa wingi, tulishuka mwaloni alfajiri na visado vyetu, tunaomba kila boti itujazie kimoja.

"Toa, baba, toa! Mkeo naye si atazalia pale pale?"

Walitoa. Wavuvi wana maneno machafu lakini mkono wao ni mwepesi. Tulianika, tukauza sokoni Mwanga. Mbalamwezi ikianza na boti zikilala, tuligeukia mawese na sabuni, na kina mama wa Kalinzi walitushushia ndizi na maharage kwa pikipiki tuuze. Ngozi ilitubabuka kwa jua. Hata hivyo, tulicheka sana siku zile, sidanganyi.

Aliyetupita wote kwa bidii alikuwa mdogo wangu, wa mama mmoja. Aliolewa muda mrefu bila kupata mtoto, mawifi wakamsema mpaka wakachoka, na sasa alikuwa na mimba yake ya kwanza. Nilimwambia apumzike. Wapi! Alijitwika beseni la dagaa, tumbo mbele, anatembeza nyumba kwa nyumba akiita wateja. Aliniita yaya, kama watu wetu waliotoka ng'ambo ya ziwa wanavyomwita dada mkubwa. "Yaya," aliniambia, "mashine hii naichangia mimi, lakini mtoto wangu hataihitaji, utaona. Huyu anapiga mateke kama punda."

Mashine ikanunuliwa, ikaja kwa treni. Tulikwenda kuipokea stesheni kama tunapokea bibi harusi, vigelegele mpaka abiria wakatushangaa. Tukaifikisha hospitali ikiwa ndani ya boksi lake, haijaguswa. Mwenyekiti akalifunga boksi utepe mwekundu, akaliingiza stoo yenye mlango wa chuma, akapiga kufuli na kutia ufunguo kwenye mkoba wake. Hakuna kufungua mpaka siku ya uzinduzi.

Kwetu kitu hakianzi kazi mpaka kizinduliwe. Utakuta bomba jipya la maji limefungwa kitambaa, linamsubiri mkubwa aje alifungulie, na watu wanapita mbele yake na ndoo kwenda kuteka kwenye dimbwi. Tumeshazoea, tunaona sawa tu. Mgeni rasmi akatafutwa, akapatikana, akakubali. Siku ikapangwa. Siku ilipokaribia akaitwa safari ya kikazi. Ikapangwa nyingine. Hiyo nayo ikavunjwa na sare: vitenge tulivyoagiza Kongo vilichelewa kuvuka, na kikundi kitasimamaje mbele ya mgeni kila mtu na nguo yake?

Mimi hapo nikachemka. Kikaoni nikasimama nikasema jamani, tuiwashe kwanza ifanye kazi, sherehe tutakuja kucheza baadaye.

Mwenyekiti akanitazama kwa upole. "Mama, wachangiaji tuliwaahidi nini? Kwamba watakuja kuona kwa macho yao boksi linafunguliwa. Leo wakute limeshafunguliwa, si watasema tumewanunulia ya mtumba? Watu wa hapa huwajui?"

Nawajua. Wangesema kweli. Kikao chote kikaitikia kwa kichwa, na mdogo wangu akadakia akicheka, "Na mimi nisubirini nijifungue kwanza! Sare gani hiyo itanienea na tumbo hili? Nataka nicheze siku hiyo!" Wakacheka wote, mwenye kupiga meza akapiga meza. Na mimi nikacheka, ungefanyaje.

Uchungu ulimjia kabla ya wakati wake. Mumewe alikuwa ziwani. Tulimpeleka mimi na mama asubuhi kweupe, tukitembea, akisimama kila hatua chache kunishika bega. Hata jua halijasimama utosini, mtoto akawa ameshatoka. Wa kike. Mdogo, rangi yake haikuwa nzuri, akalia sauti kama ya paka aliyefungiwa ndani, kisha akanyamaza.

Nesi akamchukua, akamwekea mfuko wa hewa, akaanza kubonyeza. Akaniambia bila kuinua macho, "Dada, anahitaji oksijeni. Mfuko huu haumtoshi."

"Si ipo!" nikasema. "Ipo hapo stoo, si hatua mbili?"

"Ipo, lakini haijakabidhiwa. Ufunguo anao mwenyekiti wenu."

Haijakabidhiwa. Neno hilo likisemwa mahali popote mpaka leo, nainuka naondoka. Nilimpigia mwenyekiti simu, ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena. Nikamfuata mlinzi, nikamwambia avunje mlango. Akaupiga teke, akaupiga jiwe, chuma kikalia tu. Jirani mmoja wa mwenyekiti, aliyekuja kuangalia mgonjwa, ndiye aliyeniambia amemwona anakwenda Mwanga kwa fundi wa nguo. Nikarukia bodaboda. Nilimwambia kijana aendeshe kama ameiba.

Nikamkuta kweli kwa fundi, katikati ya vyerehani vinavyonguruma, kwa kelele zile simu angeisikia wapi. Vitenge vilikuwa vimevuka. Alikuwa amesimama ndani ya gauni la sare, halijashonwa upande mmoja, fundi anampachika pini kiunoni. Nilipiga kelele nikiwa bado juu ya pikipiki. "Ufunguo! Mtoto wa mdogo wangu anakufa, lete ufunguo!"

Uso wake ulibadilika. "Mungu wangu! Ngoja nivue hii, ina pini."

"Utavua ukifika!"

"Nitakwenda uchi? Dakika tu, mwanangu, dakika tu." Fundi akaanza kuchomoa pini moja moja, taratibu, asichane kitambaa. Mimi nikaunyakua mkoba wake mezani, nikaumwaga chini, nikaokota shada lote la funguo na kukimbia. Nyuma yangu nilimsikia analia, ananiita nimsubiri.

Nilipofika nesi alikuwa ameacha kubonyeza. Alikuwa amekaa kwenye kiti, mikono yake imelala mapajani, na mtoto alikuwa ameshafunikwa kwa khanga ya mama yangu. Nilikuwa nimeshika zile funguo zote, nikawa nazitikisa tu mkononi kama mwehu.

Mwenyekiti akaingia muda mfupi baadaye, kilemba kimekaa upande. Akalia. Alilia machozi ya kweli, akajitupa sakafuni, akamshika mdogo wangu miguu. Kisha alipotulia, akanivuta pembeni, akapokea funguo zake, na akaninong'oneza: "Basi kama haikufunguliwa, utepe tuuache ulivyo."

Sikumpiga. Nashangaa mpaka leo kwa nini sikumpiga. Nilimwambia tu kwamba laana itampata, naye akajibu, si kwa ubaya, bali kama mtu anayejitafutia pa kusimama: "Mwanangu, mdogo wako mwenyewe ndiye aliyetuomba tumsubiri."

Yule mtoto alizikwa alasiri hiyo hiyo. Watu walikaa kidogo, wakatawanyika.

Uzinduzi ukafanyika, na safari hii mgeni rasmi alikuja. Nilikuwa nimeapa sikanyagi. Asubuhi nikamkuta mdogo wangu amevaa sare, fundi alikuwa amempelekea, anajitazama kwenye kioo. Mama alikuwa anamfokea: hujatoka arobaini, unakwenda wapi, watu watakuonaje?

"Wanione," akasema. Akanigeukia. "Yaya, niliuza dagaa kwa ajili ya mashine hii. Nataka niione ikiwaka."

Ningemwacha aende peke yake? Nikavaa na mimi. Kitenge cha rangi ya machungwa chenye tausi wa bluu, kizuri, sikatai.

Palikuwa na turubai, viti, spika za kukodi, soda kwenye beseni la barafu. Mgeni alihutubia sana. Alitusifu, alisema tumeokoa maisha ya watoto wa Kigoma. Wale waliojua wakatazama chini. Akakata utepe, boksi likafunguliwa mbele ya macho ya watu, jipya kabisa, hakuna wa kusema ni la mtumba. Wakaichomeka kwenye umeme, ikaguruma kidogo, taa ya kijani ikawaka. Nesi, yule yule, akampa mgeni mrija aushike mkononi ausikie upepo.

"Kweli, hewa inatoka!" mgeni akasema kwenye kipaza sauti. Vigelegele.

Mdogo wangu akatoka kwenye mstari. Hakuna aliyemwita. Akamchukulia nesi ule mrija aliorudishiwa na mgeni, taratibu, akauweka kwenye kiganja, akakaa hivyo, kichwa kimeinama, anausikiliza ule upepo kidogo unaotoka. Nesi akageukia ukutani. Watu wakaendelea kupiga makofi, wakidhani ni sehemu ya sherehe.

Ndipo nikaona maziwa. Yalikuwa yamemtoka yenyewe, kama yanavyomtoka mama yeyote wakati wa kunyonyesha ukifika, yameloanisha kifua chote cha kitenge, wale tausi wamekuwa weusi. Hakuwa na habari nayo.

Wakaanza kupangwa kwa ajili ya picha, mashine katikati, mgeni kulia, mwenyekiti kushoto. Mpiga picha akainua kamera, akaishusha. Akamwonyesha mdogo wangu kwa kidole.

"Samahani, dada," akasema. "Wewe sogea pembeni kidogo, sare yako imechafuka."

Alisogea. Picha ikapigwa. Ipo mapokezi mpaka leo, kwenye fremu, kila anayekwenda kuandikisha cheti anaiona: wanawake wote wa sare moja wanacheka, na mashine mpya katikati yao.