Fuwele za Mama Manjano

Saa mbili na robo asubuhi, mwanamke mfupi mwenye miwani anadondosha maji ya kostiki soda kwenye bika la kioo lenye iodini na spiriti. Tone moja, anakoroga. Tone jingine, anakoroga. Rangi ya kahawia inafifia, kisha fuwele za njano zinaanza kutuama chini.

"Hapa ukikimbia, umeharibu," anasema bila kuinua macho.

Hiyo ndiyo iodofomu, dawa ya kuua vijidudu. Huchujwa, huoshwa na kukaushwa, halafu huchanganywa na mafuta mazito ya parafini na kupakwa kwenye shashi ya kujazia mashimo ya vidonda vya taya na pua, visioze. Hospitali nzima humwita Mama Manjano. Ana miaka kumi na tisa katika chumba hiki cha kutengenezea dawa. Minne ya mwanzo aliosha chupa, akijifunza kwa kuchungulia na kuuliza, hadi mfamasia akampeleka chuo.

Harufu ya dawa hiyo haimbanduki. Mumewe, fundi cherehani, hutania kwamba pua humjulisha mke amerudi kabla mlango haujagongwa.

Mwaka jana shashi za kununua, zilizokwisha pakwa dawa, ziliadimika wiki sita. Wodini alilala dereva wa lori mwenye usaha tayani, na daktari wa meno akaja kuomba dawa ya Mama Manjano. Mama Manjano alikuwa ndio kwanza amepima fuwele zake kwa kipimajoto. Zilizo safi huyeyuka karibu nyuzi joto 120. Hizi ziliyeyuka kwenye 112. Zilikuwa na uchafu.

Daktari alisema tofauti ni ndogo na mgonjwa anateseka. Mama Manjano akatikisa kichwa.

"Daktari, hii haiingii kwenye mwili wa mtu. Nipe mpaka kesho asubuhi."

Alikuwa hajawahi kumkatalia daktari. Aliziyeyusha upya kwenye spiriti ya moto, akazipoza, akachuja, akaziacha zikauke. Kesho yake kipimajoto kilisoma 120.

Wiki tano baadaye dereva alikuja mwenyewe dirishani, akapanua kinywa ili Mama Manjano aone kidonda kilivyofunga.

"Najivuna," anasema Mama Manjano. "Kwa nini nisijivune?"

Sasa daktari yuleyule ameandika barua kuomba chumba kikubwa chenye feni ya kuvuta hewa, ili hospitali nne jirani zihudumiwe kutoka hapa. Jibu halijaja. Mama Manjano amekwisha kuipima kwa hatua stoo ya vitanda vibovu inayoweza kugeuzwa chumba hicho, na anajua meza itakaa ukuta upi.