Nyumba Tuliyoichora kwa Majivu

Mama alilala kwenye chumba chake cha Mbweni miezi mingi kabla hakijajengwa. Alivua viatu mahali nilipomwambia patakuwa na mlango, akatandika mkeka juu ya nyasi, katikati ya mistari ya majivu niliyoichora asubuhi, akajilaza. Ilikuwa saa nane mchana. Mie nilisimama sebuleni, yaani kwenye nyasi zilizopakana na zake, nikiwa na ramani mkononi, nikimngoja aamke aniambie kama upepo unamfikia.

Kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba. Nimewachorea watu wengi, ila mama hakuwahi kuniomba hata banda la kuku. Alikuwa mwalimu aliyetoka Songea, akazeekea Mtoni, kwenye nyumba ya bondeni aliyoijenga na marehemu baba. Kila masika tulipandisha magodoro juu ya meza. Kisha jirani wa upande wa juu akajaza kifusi kiwanjani kwake, akazungusha ukuta, na maji yaliyokuwa yakipita kwake yakahamia kwetu yote. Mwaka ule yalifika kwenye kitasa cha mlango. Mama akakubali kuhama.

Mbweni, kwenye kiwanja tulichonunua, tulianza kwa kukaa tu. Jumamosi baada ya Jumamosi tulibeba viti viwili vya plastiki, tukawa tunavihamisha kufuata kivuli. Mama alifumba macho, akanyoosha kidole: upepo wa asubuhi unatokea huku, jua la jioni litatuchoma kule. Nami nikachora alivyosema: msingi wa juu, baraza pana upande wa machweo, madirisha yanayotazamana, matundu chini ya paa ili joto litoke. Miarobaini miwili tuliiacha ilipo. Siku zile zilikwenda polepole sana. Nikizikumbuka naziona kama nilizipita nikiwa nusu usingizini.

Siku ile alipoamka kwenye mkeka, alitazama kuta zisizokuwepo.

"Nimeota kuna mtu anapika," akasema.

"Na upepo je?"

"Upo. Umenipitia miguuni."

Mvua za vuli zikaja. Jumamosi iliyofuata tulikuta majivu yamefutika katikati ya kiwanja, na mahali yalipokuwa pamebaki utepe wa mchanga laini, mweupe, umepita kati ya sebule na jiko kama umechorwa na mtu mwingine. Fundi wetu hakushtuka.

"Mama, hili dogo. Tunamwaga kifusi, tunainua ukuta, maji yatajitafutia pa kwenda."

"Wapi?" mama akauliza.

Fundi akaonyesha kwa kidevu. Chini yetu, nyuma ya ua wa minyaa, aliishi bibi mmoja mwenyeji wa pwani hiyo, aliyekuwepo kabla barabara hazijachongwa. Mama akashuka, nami nyuma yake.

"Hodi. Shikamoo, dada."

"Marahaba, mwenzangu. Karibuni."

Mama akamweleza. Bibi akatuonyesha mfereji mdogo pembeni mwa nyumba yake. "Maji haya nayajua tangu naolewa hapa. Yanashuka, yananipita, yanakwenda zake baharini. Mkiyaziba huko juu yatanijia chumbani."

"Mie yalinijia chumbani," mama akasema. Akaaga. Tulipofika juu akanigeukia: "Chora upya."

"Tukiyaachia njia, mama, chumba cha wageni hakitakuwepo."

"Wageni watalala sebuleni. Chora."

Nilinuna siku mbili. Ramani ile nilikuwa naipenda, na kilichoniuma zaidi ni kwamba mimi mwenye kazi yangu nilikuwa nimeuliza habari za upepo na jua, nisiulize maji yanapita wapi. Siku ya tatu nikakaa mezani. Sebule na chumba nikaviweka upande mmoja, jiko upande wa pili, paa moja likafunika vyote, na katikati nikaacha uwazi wa nyasi na mawe, na kijidaraja cha mbao juu yake.

Fundi alicheka hadi akashika kiuno. "Dada, hii nyumba au kivuko?" Lakini akaijenga, na akaijenga vizuri.

Masika iliyopita mvua ilinyesha kutwa nzima. Bibi akapanda kutoka kwake, kanga kichwani, akaketi barazani karibu na mama. Maji yakaja, mekundu, yamebeba majani na kandambili moja ya mtoto, yakapita taratibu chini ya paa letu, kati ya vyumba vyetu, bila kugusa ukuta. Mabati yalivuma. Hatukusikia gari wala mtu. Ilikuwa kama nyumba imeng'oka na inaelea nasi mahali pengine.

"Yanakwenda," bibi akasema.

"Yaende salama," mama akamjibu.

Nikavuka kutoka jikoni na birika, nikawamiminia chai.