Aliyekuja Wakati wa Utusitusi

Nilipokuwa mtoto Élisabethville, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, nkambo, mama mzazi wa baba, alikuwa na neno lake: utusitusi. Jua likizama na moshi wa makaa ukatanda, huo ulikuwa utusitusi. Macho yake yaliyoanza kufifia, utusitusi. Habari isiyoeleweka nayo ilikuwa ya utusitusi, iachwe kwanza. Lakini alikuwa na maana moja aliyoiogopa: mtu unayemwona umbo usimwone uso. Huyo hakuitikiwa.

Miaka ile mji mzima uliwaogopa batumbula, walioaminiwa kukamata watu gizani na kuwauza kwa Wazungu, wanenepeshwe na kuliwa.

Jioni moja ya mvua, baba akiwa kazini, mwanamume alisimama nje ya ua wetu. Tulimchungulia kwenye ufa wa dirisha: koti refu, mzigo begani, uso hauonekani.

"Mama, ni miye," aliita kwa sauti nzito. "Fungula."

Mama alizima taa. Nkambo alinifunika mdomo kwa kiganja, akanong'ona kwamba batumbula huita hivyohivyo. Yule mtu akaita tena, akangoja. Mvua ilipozidi akaondoka.

Asubuhi jirani alituletea furushi la samaki wakavu. Mgeni alilala kwake, alisema, na alfajiri akapanda lori la kurudi Kilwa yetu ya ziwani, si ile ya pwani, akiamini kwamba mama yake bado ana hasira naye. Alikuwa baba mudogo, kitinda mimba wa nkambo, aliyeondoka kwa ugomvi kabla sauti yake haijawa nzito.

Baba alituma salamu kwa kila dereva aliyekwenda huko. Jibu lilipofika, homa ilikuwa imekwisha kumwua mdogo wake.

Nkambo hakulia mbele yetu. Siku nyingi baadaye, tukichambua mboga, alisema bila kuniangalia:

"Ile sauti niliisikia muzuri. Ilikuwa ya baba yake, na baba yake alishakufa. Njo maana niliogopa."

Simlaumu. Alikuwa na wajukuu ndani, na woga ule ulikuwa wa mji mzima. Lakini sasa nimempita umri, na bado namwona yule mtu akingoja mvuani. Kumwuliza jina kupitia dirisha kusingemdhuru yeyote. Tulikuwa nyumba nzima ya jamaa zake, na hakuna aliyemwuliza.