Piko ya Idi na Siku ya Upasuaji

Binti yangu alikuwa na miaka kumi na minne alipopangiwa kupasuliwa uvimbe wa shingoni, na kila mtu nyumbani alijua isipokuwa yeye. Mimi ndiye niliyeamua. Akijua hatalala, nilimwambia babake, naye hapendi kubishana na mimi.

Karatasi ya hospitali ilisema asipake rangi kwenye kucha, kwa sababu wakati wa upasuaji hubanwa kidole kwa kifaa cha kupimia hewa mwilini. Niliisoma vizuri. Lakini upasuaji ulikuwa Jumatano baada ya Idi, na mwanamke wa kupaka hina alipokuja, binti yangu alinyoosha mikono pamoja na wenzake. Ningemkataza, angeuliza sababu. Nikanyamaza, akapakwa piko nyeusi kwenye kucha zote, mpaka za miguu.

Jumatano nikamwambia tunakwenda kupimwa damu. Alijua ukweli alipopewa gauni la upasuaji. Hakulia, ila hakunitazama tena.

Daktari wa nusukaputi alivitazama vile vidole. "Hili dogo, kifaa nitakibana sikioni," alisema. "Mwanangu, umeambiwa leo wafanywa nini?"

"Sikwambiwa kitu."

Alivuta kiti akakaa mbele yake, mimi akanipa kisogo. Akamweleza watakata wapi, kovu litakavyokuwa, na kwamba mara chache sauti hukwaruza baadaye.

"Mimi husoma kasida madrasa," binti yangu alisema. "Sauti yangu itarudi?"

"Mara nyingi hurudi. Siwezi kukuapia."

Hasira zilinipanda. Mtoto haambiwi maneno kama hayo, niliwaza, na bado sijui kama nilikosea kabisa. Lakini suala la sauti yake halikuwa limenipitia akilini hata mara moja, na hilo lilinitia aibu.

Daktari alisema uvimbe ungeweza kungoja wiki mbili, binti yangu afikiri kwanza. Alifikiri bila kunitaka shauri. Siku moja akiosha vyombo akasema yuko tayari, na hospitalini, kwenye fomu ya kukubali upasuaji, akaandika jina lake chini ya langu.

Mlangoni mwa chumba cha upasuaji nilimshika mkono, nikamwambia akizinduka atanikuta papo hapo. Alinisikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza. Kisha akamgeukia muuguzi, akamuuliza, "Ati ni kweli, atakuwapo?"