Mawe Aliyobeba Edina

Ukimwona Edina wa Nzuguni akipita na beseni lake la karanga, usidanganyike na upole ule. Mwanamke yule ana kichwa kigumu, na sifa zake zote zimo humo humo.

Mwaka juzi mvua zilipoingia darasani, wazazi walifanya msaragambo wakajenga darasa jipya la watoto wa la kwanza. Wanaume walijenga, wanawake wakasomba mawe na maji. Edina, mwanawe Ruthu mgongoni na jiwe kichwani, ndiye aliyepiga kelele kuliko wote: "Msingi juu, jamani! Pandisheni! Maji yasituonee tena!" Fundi Matonya akapandisha hadi usawa wa kiuno, akaweka ngazi, kila mtu akachekelea.

Januari hii Ruthu ametimiza miaka saba. Miguu yake haijawahi kumbeba, anatumia kiti cha magurudumu walichopewa kanisani, na mdomo anao, usiseme! Edina akampeleka kuandikishwa. Mwalimu mkuu, Hamza, akatazama kiti, akatazama ngazi.

"Mama Ruthu, atapandaje huyu? Mtafutie shule maalumu ya bweni."

"Huko mbali, na umri huu?"

"Ijumaa tunafunga kuandikisha. Mimi nifanyeje?"

Wee! Edina alirudi kavimba kwa hasira, na chini ya hasira ilikuwepo aibu, maana msingi ule aliudai mwenyewe. Akamkumbuka kaka yake Filipo, mwenye miguu kama ya Ruthu, aliyeishia kuamia ndege shambani mpaka mvi zikamtoka huku wenzake wakisoma. Enzi zile hakuna aliyeuliza. Edina akauliza. Alikwenda kwa afisa ustawi wa jamii wa kata, akaambiwa waziwazi: tangu mwaka 2010 ipo sheria, mtoto mwenye ulemavu ana haki ya kusoma shule ya kawaida na wenzake, na ni wajibu wa shule kumwekea njia.

Jumatano palikuwa na kikao cha wazazi. Edina akasimama.

"Mbukwenyi!" akawasalimu kwa Kigogo, na hata wasio Wagogo wakaitikia. "Wahenga walisema asiye na mwana aeleke jiwe. Mimi mwana ninaye, na mawe nimebeba vilevile. Msingi ule niliupandisha kwa kelele zangu, kumbe namfungia mwanangu nje. Nilikosea. Lakini shule hii ni yake kisheria, si kwa huruma yenu. Nani atasomba mawe na mimi tena?"

Matonya akakuna kichwa.

"Fundi nilikuwa mimi, na sikuwaza mteremko wa kupitisha kiti," akasema. "Kesho asubuhi tukutane."

Mwalimu Hamza naye ni muungwana, kesho yake alikunja suruali akashika koleo. Wakapanga mawe, wakashindilia kifusi, na jua lilipozama mteremko ukawa umefika mlangoni.

Ijumaa Edina alikuja na kanga yake ya mbeleko begani. Mteremko ule alikuwa hajauamini bado. Akainama ili amweleke mtoto kama siku zote.

"Mama, acha," Ruthu akasema. "Naingia mwenyewe."

Akasukuma magurudumu, akakwama kidogo, akasukuma tena, akaingia. Mara akasikika ndani akiuliza nani kakaa kiti cha mbele.

Edina alibaki nje na kanga mkononi, mgongo mtupu. Machozi yakamtoka. Akayafuta kwa kanga ile ile, akajitwika beseni, akaenda kuuza karanga.