Televisheni Mbovu Iliyonifikisha kwa Dada

Niseme mapema msije mkanizunguka: siku ile mjinga nilikuwa mimi.

Kazi yangu ni kuhesabu vifaa vya umeme nchini. Vingapi vimeingia, vingapi vimekufa, na maiti zake zimeishia wapi.

Kwenye jedwali letu, televisheni zote mbovu huishia kiwanda kimoja chenye kibali. Zote! Hata moja haipotei njiani. Sindano za shangazi yangu hazina adabu hiyo.

Nikajitia ujanja. Nikaficha kidude cha kufuatilia ndani ya televisheni iliyokufa, nikaipeleka kiwandani mwenyewe. Popote itakapokwenda, nukta nyekundu inaonekana kwenye simu yangu na ya bosi.

Siku mbili nukta imetulia tuli.

Ya tatu ikatokea mlango wa nyuma, ikavuka mji.

Nikarukia pikipiki, simu sikioni. "Bosi, tumewanasa! Tuma askari!"

"Askari wameshatoka, wanaifuata nukta," akajibu.

Nilipokata kona ya mwisho, nikapunguza mwendo. Mtaa naujua. Lango naujua.

Uani, dada yangu mkubwa, kitambaa puani, anachoma nyaya za televisheni atoe shaba. Cherehani yake imefunikwa turubai, ina vumbi. Mwaka wa pili huo sijakanyaga kwake.

"Ehee, Bwana Takwimu! Umepotea njia?" Akacheka, akakohoa, akacheka tena.

Nikajificha nyuma ya ukuta na simu. "Bosi, nimekosea nyumba. Warudishe."

"Ramani naiona. Hujakosea."

"Basi tuanze na kiwanda, si ndiko ilikotoka?"

"Kiwanda kina kibali. Huyo wa uani hana. Atafungiwa yeye." Akakata.

Nilipiga tena. Haipokelewi. Nikajaribu kuifuta ile nukta. Haifutiki, mwenyewe ndiye niliyeagiza isifutike!

Jamani, mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Ukitaka kutega, uliza kwanza ndugu zako hupita njia gani.

"Dada, zima moto, wanakuja kukufungia!"

"Nani kawaleta?"

Nikaangalia viatu vyangu.

"Ahaa," akasema taratibu. "Cherehani haina wateja, na hapa mnafunga. Kesho nitafune jedwali lako?"

"Lakini moshi huu ni sumu, dada! Unakohoa hivyo, nani alijua? Mimi ndugu yako nakujali!"

Nje, gari likapiga breki.

Dada akavua kitambaa puani, akanitazama kama mtu asiyenidai kitu.

"Ningekuwa televisheni, mdogo wangu, ungeshanitafuta zamani."