Rimoti ya Mjomba na Bibi Mwenye Kuku

Nina shahada ya takwimu, sina kazi, na nina akili timamu. Nakwambia mapema ili ukifika katikati usije ukasema kijana huyu njaa imempanda kichwani. Haya yalinitokea mimi mwenyewe, mchana kweupe, nikiwa nimeshiba.

Siku hiyo dada yangu Neema alikuwa anaolewa Kinyangiri. Gauni lilikuwa limebaki kwa fundi mjini Singida, nikapewa gari la mjomba nilifuate. Gari lenyewe halina ufunguo wa kuchomeka. Ni rimoti tu na kitufe cha kuwashia. Kale kaufunguo ka chuma kanakofichwa ndani ya rimoti, mjomba alishakapoteza. "Na betri ya rimoti imeanza kuchoka," alinionya. Basi nikanunua mpya mjini nikaitia mfukoni, maana mimi ndivyo nilivyo: naogopa jambo kabla halijatokea.

Njiani kurudi na gauni nikashuka kujisaidia nyuma ya jiwe. Nikalifunga gari, kwani nani ajuaye, huenda wezi wa magauni wapo. Niliporudi nikabonyeza, kimya. Nikabadilisha betri. Kimya. Nimeigeuza juu chini? Ni feki? Au gari limeisahau rimoti yake, kama nilivyowahi kusoma kwenye simu? Gauni nalitazama kupitia kioo, jeupe, limelala kiti cha nyuma. Ibada ni saa nane. Mtandao hakuna. Nivunje kioo? Je, vipande vikilichana gauni?

Ndipo akapita bibi mmoja, kuku mweupe kwapani. Akasimama kidogo. Mimi nilikuwa nimeinamia rimoti, naikwangua kwa kucha, sikuinua uso. Akaguna, akaenda zake.

Haukupita muda, akapita tena. Sikiliza vizuri: alitokea upande uleule, na kuku yuleyule, na wala sikumwona akirudi. Nikajipa moyo kwamba ni mapacha wanaofuga kuku wanaofanana. Wewe ungefanyaje? Nikainama tena, safari hii jasho linadondokea betri.

Mara ya tatu alisimama mbele ya boneti.

"Wewe," akasema, "shule yote hiyo, hawakukufundisha kusalimia?"

Aibu ilinishika kuliko hofu. Mimi, mtoto wa Singida, nimemwacha mtu mzima apite mara mbili kama upepo!

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Haya, mpelekee dada yako nguo yake."

Pi-piip! Taa zikawaka, milango ikafunguka. Na hapa ndipo naomba uniamini: rimoti ilikuwa juu ya boneti, imefunguliwa vipande viwili, na betri ilikuwa kwenye kiganja changu.

Nikageuka kushukuru. Barabara pale ni nyoofu, alizeti zilikuwa zimeshavunwa, huwezi kuficha hata mbuzi. Hapakuwa na mtu. Vumbini kulikuwa na nyayo za viatu vyangu na za kuku. Basi.

Gari liliwaka bila ubishi, na sikuthubutu kulizima mpaka mlangoni kwetu. Neema alikuwa amekaa na kanga, wanja umemchuruzika. Alipoliona gauni akanirukia shingoni, kisha akanipiga kofi la mgongo. Nikaenda jikoni kumsimulia shangazi. Akaacha kupepeta mchele.

"Kuku mweupe? Na mwenyewe anaguna?" Akacheka mpaka akashika ukuta. "Kumbe bado anapita! Mimi alinizuilia baiskeli."

Baadaye fundi wa magari mjini aliiunganisha rimoti na gari upya. Mjomba akibonyeza, linafunguka. Mimi nikibonyeza, halifunguki mpaka niseme shikamoo. Nimejaribu kunong'ona habari za leo, nimejaribu hata Kiingereza. Wapi! Juzi pale sokoni nililiamkia gari, mzee mmoja nyuma ya lori akaitikia, "Marahaba!" na milango ikafunguka papo hapo. Tulitazamana mimi na yeye, kila mtu akashika njia yake.

Kwa hiyo rimoti ikikufia njia ya Kinyangiri, usikimbilie kubadilisha betri. Inua uso kwanza, tazama nani amesimama karibu, umwamkie. Na ukimkuta kuku mweupe yuko peke yake, mwamkie vilevile. Mimi huwa naongeza na habari za nyumbani.